Tegu wa Mwisho wa Shungi

1

Kinda wa kumi na saba naye alikuwa safi tumboni. Dokta Ruzuna Shee aliupasua utumbo kwa makasi madogo, akauosha kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, akayapitisha maji yale kwenye chujio mara saba kama alivyofundishwa ujanani, na mara ya saba chujio likabaki jeupe. Hakuona mnyoo wala yai la mnyoo. Utumbo wa kinda wa buabua, ndege wa baharini, wa siku ishirini ulilala kwenye sinia, mwembamba na mtupu.

Alipaswa kufurahi, maana usafi huo ulikuwa kazi yake mwenyewe. Badala yake alijisikia mpweke, tena upweke wa kijinga, wa mwanamke wa miaka hamsini na sita anayewakumbuka minyoo.

Lakini aliwakumbuka kweli. Juu ya meza hiyohiyo ya saruji, miaka thelathini na minne nyuma, utumbo mmoja wa buabua ulikuwa kijiji kizima. Walikuwamo tegu warefu weupe, wenye pingili mia na zaidi. Walikuwamo minyoo wa mviringo waliojikunja. Na wale wafupi wenye miiba kichwani, ambao hawabanduki mpaka uwabembeleze. Wanafunzi wanane waliizunguka meza wakigusana mabega, na Mwalimu Fumo, Mungu amrehemu, aliwataja wageni wale mmoja mmoja kama mshenga anayetaja ukoo wa bwana harusi. Siku hizo kituo cha kisiwa cha Shungi kilinuka kinyesi cha ndege, spiriti na chai ya tangawizi, redio haikuzimwa, na kila mtu alikuwa na jina la utani. Sasa Mwalimu yuko kaburini na wenzake wametawanyika. Wa enzi zile alibaki mmoja tu, na ndiye aliyekuwa akiingia na birika mkononi.

Lali Mbwana alikuwa fundi wa maabara aliyestaafu akakataa kuondoka. Alikaribia miaka sabini, rangi imempauka kuliko Ruzuna alivyomkumbuka, na aliburuta miguu akitembea. Yeye ndiye aliyemwita kutoka bara kwa ujumbe wa maneno matatu: Makinda wanalala. Njoo.

"Huyo wa kumi na saba vipi?" aliuliza.

"Safi."

"Safi," Lali alirudia, kwa sauti ya mtu anayelitaja jina la mkwe asiyempenda. "Kila maiti hapa ni safi. Kunywa chai, dokta, isije ikapoa."

Nje, juu ya mawe, makinda mia tatu walikuwa wameanguliwa msimu ule, na sasa wamebaki kama mia moja na sitini. Ugonjwa ulianza shingoni. Kichwa kilitikisika, kisha mabawa yakalegea, kisha kinda akalala ubavu na asiamke. Ruzuna alipima virusi, akapima vidudu vya kila namna, akakosa.

Kwa minyoo hakuwa na wasiwasi, kwa sababu ya kifagio. Kifagio ni kimashine kidogo kuliko punje ya unga. Kilitiwa kwenye chakula cha samaki, samaki akaliwa na ndege, nacho kikaishi tumboni mwa ndege, kikimpapasa mnyoo ngozi, kikamtambua na kumkata. Mama alipomtapikia mwanawe chakula, alimtapikia na vifagio. Ruzuna ndiye aliyekifundisha kifagio ngozi za aina zote kumi na nne za minyoo wa Shungi, na hakufanya hivyo kwa kupenda sifa. Mwaka wake wa mwisho wa masomo minyoo wa mviringo walizidi, wakatoboa matumbo ya makinda, naye akaokota maiti mia mbili na kumi na moja kwa ndoo, akilia bila kujificha. Akaapa jambo lile halitatokea tena. Na halikutokea. Kwa miaka kumi na tisa ndege wa bahari nzima walinenepa, na jina lake likaingia kwenye vitabu vya shule.

2

Siku ya tatu alipima maini. Mashine ilinguruma kidogo, ikatoa majibu kwa namba nyekundu: metali za risasi na kadimi, kiasi cha kumwangusha ndege mzima, sembuse kinda.

Sumu yenyewe haikumshangaza. Machimbo ya sakafu ya bahari yalikuwa yakitibua tope tangu yeye msichana, na kila samaki wa upande ule alibeba metali kidogo. Kilichomsumbua ni kwa nini buabua wa zamani, waliokula samaki walewale, hawakufa. Alilizungusha swali hilo mchana kutwa, mpaka akasimama na kwenda kwenye kabati la Mwalimu Fumo.

Katika maabara nyingine za dunia, mnyoo aliwekwa chupa yake na ndege akatupwa. Shungi haikuwa hivyo. Mwalimu alikuwa na sharti lake, ambalo watu wa kwingine walilicheka: mgeni na mwenyeji wake wasitenganishwe. Kila tegu aliwekwa chupa moja na kipande cha ini la ndege aliyemlisha, na juu yake namba ya pete ya mguuni na tarehe. Ruzuna alishika chupa ya kwanza, akauona mwandiko ule wa Mwalimu, wenye herufi zilizoegemeana, akaipangusa vumbi kwa kiganja kabla ya kuifungua.

Akapima ini la zamani. Sumu ilikuwapo, lakini kidogo, si ya kuua. Akampima tegu wa chupa ileile.

Namba zilipotoka alidhani mashine imekosea. Akarudia kwa chupa ya pili, ya tatu, ya tisa. Kila tegu alikuwa na sumu mara mia nne ya ini la mwenyeji wake. Tegu hana mdomo wala tumbo. Hunywa kwa ngozi yake yote, na pamoja na chakula alikuwa akiinywa na metali, akaifungia ndani ya pingili, na pingili zikadondoka na kinyesi baharini. Miaka yote ile ndege walikuwa na chujio hai tumboni. Yeye akaja na ufagio. Tangu hapo sumu ilijikusanya kidogokidogo mwilini mwa akina mama, mpaka msimu huu ikawafikia makinda.

Watu husema majuto ni mjukuu. Wake alikuwa amefika na mizigo yake yote, na hakuwa na pa kumficha.

Aliiandikia taarifa Bodi ya Ndege wa Bahari, akaomba ruhusa ya dharura. Jibu lilikuja kwa adabu: jambo lake limepokewa, litajadiliwa kwenye kikao cha mwezi wa kumi. Ulikuwa mwezi wa nane. Makinda walikuwa wakifa sita kwa siku.

"Hata wangeniruhusu leo, ningefanya nini?" alimwambia Lali jioni ile, wamekaa barazani na mezani kuna mkate wa mofa ambao hakuna aliyeugusa. "Dawa yake ni tegu, na tegu nimewamaliza. Dunia nzima hakuna tegu wa buabua hata mmoja, Kaka Lali. Cheti cha kutoweka kwao nilikitia saini kwa mkono wangu mwenyewe."

Lali alikiweka kikombe chake chini.

"Yuko mmoja," alisema.

3

"Yuko wapi?"

Lali aliweka kiganja chini ya kitovu, kwa adabu kabisa.

Ruzuna alimtazama kiganja, akamtazama uso, akarudi kwenye kiganja. Mambo aliyoyaona kwa siku tatu bila kuyaunganisha, weupe wa midomo, miguu inayoburutwa, ulimi uliopauka, yakajipanga yenyewe.

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ile mlipovimwaga vifagio. Unakumbuka friji ya jikoni iliharibika, tukawa tunaweka chakula chetu kwenye friji ya maabara? Bakuli la kijani letu, bakuli la bluu la majaribio. Tulikuwa hodari siye, hatukukosea hata siku moja. Basi ikaja Ramadhani. Nimefunga, jua linazama, umeme ukakatika. Nikapapasa, nikachukua dagaa, nikawakamulia ndimu na pilipili mbuzi, nikafuturu nao."

"Wabichi?"

"Ndivyo mama alivyotulea. Wewe mwenyewe ulikuwa ukinicheka. Umeme uliporudi nikaona bakuli mkononi ni la bluu."

Ruzuna hakutaka kucheka, lakini kicheko kilimponyoka, na katikati ya kicheko macho yakamjaa machozi. Aliiona ile friji, na karatasi ya onyo iliyobandikwa mlangoni, ambayo kila mtu alichora juu yake masharubu.

"Kulikuwa na vidonge kabatini. Kwa nini hukumeza?"

"Nilisema nitameza Jumatatu. Zikapita Jumatatu kadhaa, likaja tangazo lenu kwamba ndege wote wamekuwa safi. Nikakishika kidonge, nikafikiri, huyu nikimuua mimi, ndiyo basi tena. Nikakirudisha. Kila Jumatatu nikawa na sababu."

"Miaka kumi na tisa. Anakumaliza, Kaka Lali. Kikulacho ki nguoni mwako, na wewe umekaa nacho."

"Ananipunguzia vitamini tu, ulinifundisha mwenyewe. Na nguo yenyewe nimeizoea." Akasimama polepole, akishika ukuta. "Njoo uone, maana sikukuita uje kuhesabu maiti."

Nyuma ya jiko kulikuwa na tangi lililofunikwa gunia. Ndani dagaa walizunguka, wadogo, wa fedha. Lali alikuwa ameanza miezi mitatu nyuma, alipomwona kinda wa kwanza akitikisa kichwa. Mayai ya tegu aliyatoa anakokujua mwenyewe, akayaangua kwenye maji ya chumvi, vitegu vilivyotoka akavitupia vijidudu vya maji vivile, na vijidudu hivyo akawatupia dagaa. Kila dagaa sasa alikuwa na kiluwiluwi kimoja cha tegu ndani ya nyama. Hakuwa na uhakika wa jambo lolote, hakuwa na mashine wala chupa zilizopimwa. Alijua tu kwamba enzi za minyoo makinda hawakulala hivi.

"Wako sitini na wawili," alisema. "Ningewalisha zamani, lakini vifagio vyako vitamkata tegu kabla hajashika ukuta. Mluzi unao wewe."

Mluzi ulikuwa sauti isiyosikika kwa sikio la mtu, iliyofanya vifagio viyeyuke. Mwalimu Fumo aliudai siku ile alipoonyeshwa kifagio cha kwanza: chochote unachokiingiza tumboni mwa kiumbe, uwe na njia ya kukitoa. Ruzuna aliutengeneza ili kumridhisha mzee, akaufunga kwa sauti yake mwenyewe, na hakuwahi kuutumia.

"Siwezi," alisema.

"Kwa sababu ya Bodi?"

"Bodi wataninyang'anya leseni, basi. Nazungumzia makinda. Tegu huziba utumbo wa kinda mdogo. Katika kumi atakufa mmoja, pengine wawili, na nitakuwa nimemtia mnyoo mdomoni kwa vidole hivi. Sikufanya kazi maisha yangu yote ili nije kufanya hilo."

"Na hawa wanaokufa sasa, wanakufa kwa vidole vya nani?"

Alilisema bila ukali, na kwa sababu hiyo lilimchoma zaidi. Lali aliona, akarudisha gunia juu ya tangi, akaenda zake kulala.

4

Asubuhi Ruzuna alikwenda peke yake kwenye mawe. Kelele za buabua zilimfunika, zilezile za ujanani, na kwa muda mfupi alikuwa na miaka ishirini na miwili, ana daftari, na hakuna alichokiharibu bado. Aliutamani wakati ule kwa uchungu hata akasimama.

Karibu na mguu wake kinda alikuwa amelaza shingo juu ya jiwe. Mama yake alitua na samaki, akamsogezea. Kinda hakufungua mdomo. Samaki akaanguka, mama akamwokota, akamsogezea tena. Akaanguka tena. Ruzuna alihesabu mara kumi na moja. Kisha mama akammeza samaki mwenyewe, akabaki amesimama pale, akipanga manyoya ya mwanawe kwa mdomo.

Ruzuna alijaribu kwa uaminifu kuitafuta njia ya tatu. Kungoja mwezi wa kumi kulikuwa kuua kwa mikono iliyokunjwa. Kulisha tegu kulikuwa kuua wachache kwa mikono iliyonyooshwa, na huenda kati ya wachache hao akawamo ambaye sumu ingemsamehe. Hesabu ilisema lisha. Moyo ulisema hesabu si yako, wewe ndiye uliyekosea hesabu mara ya kwanza. Akagundua kwamba anachokililia zaidi ni usafi wake mwenyewe, asiwe na kinda hata mmoja wa kuulizwa habari zake. Aliona aibu, na aibu ile ndiyo iliyomwinua.

Akarudi kituoni, akakitoa kisanduku cha mluzi, akakitamkia jina lake kamili. Taa ikawaka kijani, ikazima. Hakuna kilichosikika. Hadi adhuhuri kinyesi cha ndege kilikuwa na mchanga wa kijivu, na hayo ndiyo mabaki ya kazi ya miaka kumi na tisa.

Lali alitaka wachaguliwe makinda wenye nguvu. Ruzuna alikataa. Alianzia kiota cha kwanza upande wa kusini, akaenda kwa foleni, dhaifu na mwenye afya sawasawa, ili asiwepo aliyependelewa. Kila aliyelishwa alifungwa uzi mwekundu mguuni. Lali alibeba ndoo na kunyoosha mkono kusaidia.

"Acha," Ruzuna alisema. "Wewe shika ndoo tu. Kulisha nilishe mimi."

Dagaa waliisha kwenye kiota cha sitini na mbili. Makinda wa upande wa kaskazini waliendelea kuita, midomo wazi, na hakukuwa na cha kuwapa. Huko hakwenda tena siku ile.

5

Wa kwanza alikufa siku ya sita. Alikuwa na uzi mwekundu. Ruzuna alimpasua, akaosha mara mbili tu, na tegu akateleza kwenye chujio, mweupe, hai, akijikunja na kujikunjua kwenye mwanga wa dirisha. Alifurahi kumwona na papo hapo akaona haya, na kwa kuwa hakuna aliyemtazama, aliviacha vyote viwili vimpate.

Ini la kinda yule lilikuwa safi. Hakufa kwa sumu.

Baada ya wiki nne mawe ya Shungi yalikuwa matupu. Waliobaki walikuwa wameruka, na Ruzuna aliketi mezani na fomu za Bodi. Lali alikuwa amekubali hatimaye kumeza kidonge chake, baada ya tangi jipya kujaa dagaa na Ruzuna kumsimamia mpaka akameza, na kwa siku mbili hakutaka kuzungumza na mtu. Leo alikuwa na rangi kidogo mashavuni.

"Nisomee," alisema.

"Waliolishwa sitini na wawili. Saba walikufa kwa sumu, tuliwachelewa. Tisa walikufa kwa tegu. Arobaini na sita wameruka."

"Na upande wa kaskazini?"

"Sabini na wanane. Wameruka watano."

Lali alihesabu kwa vidole, ingawa hakukuwa na haja. "Bodi wakikuuliza, waonyeshe hiyo. Hata mtoto wa chuoni ataielewa."

"Wataielewa. Watakuja na tangi kubwa kuliko lako." Ruzuna aliiweka kalamu. "Wale watano, Kaka Lali, waliruka bila mimi. Basi na katika wale tisa, huenda yumo mmoja ambaye angeruka."

"Yupi?"

"Ndilo hilo. Sitamjua kamwe."

Bahari ilisikika kidogo, halafu ndege mmoja aliyechelewa. Lali hakumwambia kwamba si kosa lake, na Ruzuna alimshukuru moyoni kwa hilo.

"Hapo kwenye sababu ya kifo," mzee alisema baadaye, "andika maradhi ya tumbo. Sote tulikuwa tukiandika hivyo."

Ruzuna alitikisa kichwa. Aliandika namba ya kiota cha kinda wa kwanza, na mbele yake: Tegu. Alilishwa na Ruzuna Shee. Akashuka mstari wa pili, akaandika vilevile. Alifanya hivyo mara tisa, bila kufupisha jina, na hakuharakisha hata mstari mmoja.

Lali alivuta kiti, akaisoma karatasi kutoka juu mpaka chini, akiifuata kwa kidole.

"Umenisahau," alisema. "Tegu alikuwa wangu."

"Wewe ulishika ndoo tu."

"Nimemlea miaka kumi na tisa, Ruzuna. Andika na langu."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu afike kumwita kwa jina lake. Ruzuna alichukua fomu nyingine, akaanza upya kutoka kinda wa kwanza.